Jiko la Pimamaji

Shangazi ananiita Mabua. Anasema mimi ni moto wa mabua, nawaka ghafla na kuzima ghafla. Shule niliiwakia vizuri tu, nikazima kidato cha pili. Nikaenda gereji, nikazima. Nikauza viatu vya mitumba wiki tatu, nikazima kabla hata sijajua namba za miguu ya watu. Sasa niko kwa Fundi wa bati, mwaka na nusu, na Shangazi bado ananiangalia kila jioni kama mtu anayengoja taa izimike.

Simlaumu. Ndiye aliyenilea. Baba yangu, kaka yake, aliondoka kwenda kutafuta maisha, na nadhani bado anayatafuta, maana hajarudi. Tangu nina miaka sita kila nilichokula kimetoka kwenye sufuria za Shangazi, na sufuria zake ziko nyuma ya majengo. Yaani popote wanapojenga, yeye yuko nyuma ya ukuta anawapikia mafundi chakula cha mchana. Jengo likiisha, anahamia lingine. Hili la sasa lina ghorofa tano na ndiyo kwanza wako ya pili. Chakula cha miaka miwili kiko pale, kama hakuna atakayemfukuza.

Sasa, nyuma ya ukuta wa jengo kuna dobi. Mtu mwembamba, mikono imesinyaa kwa maji na sabuni. Anafua mashuka ya nyumba za wageni na makoti ya madaktari. Kamba zake ukizitazama jua likiwa kali, macho yanauma kwa weupe. Na Shangazi anapikia mafiga matatu, kuni za mabaki ya mbao za jengo, nyingine bado mbichi. Upepo ukigeuka, unajua mwenyewe.

Ijumaa ile uligeuka, na mimi nilikuwa nimepita pale kula. Dobi alikuja na shuka mkononi, lina mabaka kama ngozi ya chui, akalitandika juu ya meza ya msimamizi, juu ya michoro yake yote.

"Hili nilifue mara ya ngapi?" akauliza. "Niambie, bwana. Ya tatu au ya nne?"

Msimamizi tunamwita Filimbi kwa sababu ana filimbi shingoni, na huwa anaipuliza hata kumwita mtu aliyesimama mbele yake. Siku ile hakuipuliza. Alikuja kwa Shangazi taratibu, na ndipo nilipojua mambo ni mabaya.

"Shangazi," akasema. Pale wote wanamwita hivyo, hata wazee. "Nakuheshimu kama dada yangu mkubwa. Chakula chako sina neno. Lakini Jumatatu nikiona moshi, umemaliza hapa. Yule mama wa gesi ameshakuja mara mbili kuulizia nafasi."

Utasema, basi si anunue gesi? Shangazi na gesi wana kesi. Alijaribu mara moja, zamani, mtungi ukavuja, akawasha kiberiti, nyusi zote mbili zikaenda. Zilirudi, lakini moja ilirudi imepanda juu, kwa hiyo sasa hata ukimwambia leo ni Jumanne anaonekana kama hakuamini. "Gesi ni nyoka kwenye chupa," anasema. "Mimi na nyoka hatupiki pamoja." Na makaa? Makaa kwa sufuria ile ya maharage ni kama kutaka kuchemsha bahari kwa kijinga kimoja.

Jioni ile nilimkuta nyumbani. Alikuwa anachagua maharage kwenye ungo, anatoa mawe, anatoa mawe, mpaka nikaona anatoa na maharage mazuri. Nikashindwa kuvumilia.

"Nitakutengenezea jiko," nikasema. "La kuni. Lisilotoa moshi."

Nyusi ile ikazidi kupanda. "Kuni bila moshi? Mabua, hata mvua bila maji utaniletea?"

"Nimeliona kwa macho yangu."

Na kweli nililiona. Mwezi uliopita mteja mmoja, mtu wa kutembeza wageni porini, alituletea jiko lake tulizibe kitako kilichotoboka. Dogo, la kuchemshia chai ya mtu mmoja, unalibeba kwenye begi. Nililifungua lote. Ni kopo ndani ya kopo, basi. Katikati ya makopo mawili pana nafasi kama upana wa kidole. Hewa inaingia kwa matundu ya chini, nusu inapita kwenye kuni, nusu inapanda kwenye ile nafasi ikipata joto, halafu inatokea ndani kwa matundu madogo ya juu. Ule moshi unaotaka kutoroka unakutana na hiyo hewa ya moto mlangoni na kuungua hapo hapo. Na moto wake unawashwa juu, si chini. Yule mtu alinieleza yote. Alitaja pia kipande cha juu alichokisahau nyumbani, sijui cha nini, lakini hapo mimi nilikuwa nimeshaacha kusikiliza. Nilikuwa nimeelewa. Mimi nikielewa jambo nusu, masikio yanafunga duka.

Jumamosi na Jumapili sikulala vizuri wala sikula vizuri. Fundi, bosi wangu, ni mzee wa maneno machache na mikono mikubwa. Nilimweleza, akanuna kidogo, halafu akanisukumia kwa mguu pipa fupi la grisi na debe la rangi la lita ishirini.

"Lichome kwanza ulitoe rangi," akasema. "Nje. Usije ukawalisha watu rangi ya mlango."

Nikalichoma. Nikatoboa matundu kwa msumari na nyundo, moja moja, mpaka mkono ukafa ganzi. Nikakata kitako, nikakunja, nikapiga ribiti. Nikaweka mishikio miwili ya nondo nyembamba, ya kulibebea, maana pale kwenye jengo hawaruhusu kuacha kitu, kila siku Shangazi anakuja na mzigo na kuondoka na mzigo. Miguu mitatu chini. Na ukingo wa juu, hapo ndipo nilipotulia. Kwa Fundi kitu kilichopinda hakitoki mlangoni. Hata chepeo la kuzolea taka analiangalia kwa jicho moja kama mtu anayelenga bunduki. Nikaukunja ukingo, nikausawazisha kwa nyundo ya mbao, nikausugua kwa tupa. Fundi akaleta pimamaji, akaiweka juu yake. Kile kiputo kikakaa katikati, tuli, kama yai kwenye kiota.

"Hii ni kazi," akasema Fundi. Mwaka na nusu, hajawahi kuniambia hivyo.

Tukaliwasha pale uani. Nikalijaza vipande vya mbao vilivyokatwa vifupi, nikawasha juu kwa maranda ya mbao. Dakika mbili za moshi mwepesi, halafu kukawa hakuna kitu. Hakuna! Moto unatoka kwenye vile vitundu vya juu kama maua, wa buluu chini, wa njano juu, na hewa inanguruma polepole. Fundi alipitisha kiganja juu ya moto, mbali kidogo, akakinusa. Akacheka. Mzee alicheka!

Jumatatu nililibeba begani mwenyewe. Tulipoingia na Shangazi, mafundi waliokuwa wanachanganya zege wakaacha makoleo.

"Mabua, hiyo ni nini, ngoma?"

"Ni roketi. Leo Shangazi anapika mwezini."

"Afadhali mwezini, kule hakuna dobi!"

"Nyie chekeni," nikawaambia. "Saa saba mtakuja na sahani mkononi, na midomo mmefunga."

Shangazi hakucheka. Alikuwa amevaa kanga yake mpya, ile ya kwendea harusini. Nikajiuliza kwa nini, halafu nikaelewa. Mtu anayejua anaweza kufukuzwa leo hataki kuondoka amevaa matambara.

Nikajaza kuni. Akasogea kuinama awashe chini, kama alivyofanya miaka arobaini.

"Juu, Shangazi."

"Moto unapanda, mwanangu, haushuki."

"Huu unashuka. Washa juu."

Aliniangalia, akawasha juu, huku ananung'unika kwamba akitoka hapa atakuwa anavaa viatu kichwani. Moshi kidogo, dakika mbili. Ukaisha. Moto ukakaa vizuri, ukaanza kunguruma. Filimbi alikuwa amesimama kwenye ngazi, anatazama. Juu ya ukuta nikaona kichwa cha dobi, naye anatazama. Nilivuta pumzi mpaka kifua kikajaa. Nikamwambia Shangazi, "Weka sufuria."

Tukainyanyua wawili, sufuria ya maharage, nzito, maji mpaka shingoni. Tukaiweka. Ikakaa juu ya ule ukingo bila kutikisika hata kidogo, imeshikana nao kama kifuniko na chungu. Nikafikiria, Fundi angeiona hii.

Kwanza ukanyamaza ule mngurumo. Halafu moshi ukaanza kutoka kwa matundu ya chini. Halafu pembeni. Halafu kila mahali! Mnene, wa njano, wa kukaba koo, mbaya kuliko wa mafiga. Mafundi wakaanza kukohoa na kupiga kelele, "Roketi imeruka! Roketi imeruka!" Nikapuliza chini, ukazidi. Nikaongeza vijiti, ukazidi. Macho yananitoka machozi, na mengine hayakuwa ya moshi, naweka wazi.

Dobi alitokea getini na foronya nyeupe mkononi. Aliinyanyua tu, kama refa anayeonyesha kadi.

Filimbi alishuka ngazi. "Shangazi," akasema, "nilisema." Akatoa simu mfukoni, akaanza kutafuta namba.

Najua ni namba ya nani. Yule mama wa gesi.

Na mimi miguu ikaanza kuniwasha. Naijua hiyo hali. Ndiyo ile iliyonitoa darasani, ikanitoa gereji. Geti liko pale, wazi, hatua ishirini, na barabara haimuulizi mtu kitu. Nilitamani kulipiga lile jiko teke moja lisilosahaulika, niondoke, nisiione sura ya Shangazi. Nikamgeukia ili nijue atanitukana vipi. Hakunitukana. Alikuwa ameshaanza kukunja magunia yake. Polepole, pembe kwa pembe. Vijiko ndani ya kikombe, kikombe ndani ya sufuria ndogo. Angenitukana ningeondoka. Sasa nitaondokaje?

"Nisaidie tumwage haya maharage," akasema. "Siwezi kuyabeba na maji."

Akashika upande wake, mimi upande wangu. Tukainyanyua.

Moto ukaruka. Fuuu! Ukajaa kopo zima, ukanguruma, na moshi ukakatika kama uzi. Tukasimama pale tumeshika sufuria hewani.

"Shusha," akasema Shangazi.

Tukashusha. Moshi.

"Nyanyua."

Moto, safi.

"Mabua," akasema, na nyusi ile imepanda mpaka karibu na kilemba, "mafiga yake yako wapi?"

"Mafiga ya nini? Hili ni jiko."

"Ulilipikia nini ulipolijaribu?"

Nikalitazama jiko.

"Hukulipikia kitu," akasema. "Ulitengeneza jiko, ukalijaribu bila sufuria! Mungu wangu. Mtu anashona suruali, anaipima bila miguu. Unamziba mtu mdomo halafu unashangaa anapumulia kitako? Moto lazima utokee mahali. Kwa nini sisi tunainjika juu ya mawe matatu, unafikiri tulikosa bati?"

Pale pale nikamkumbuka yule mtu wa porini na kipande chake cha juu alichokisahau nyumbani. Cha kushikia sufuria, ndicho alichosema! Cha kuinyanyua. Masikio yangu yalikuwa yamefunga duka. Na mimi na Fundi, na pimamaji yetu, tumesawazisha ukingo mpaka hata pumzi haipiti. Tungekuwa mafundi wabaya kidogo, watu wa kupindapinda, jiko lingefanya kazi.

"Shikilia!" nikasema, nikaachia.

"Nishikilie peke yangu?" akapiga kelele, lakini fundi wa zege mmoja akaruka akaushika upande wangu, na mimi nilikuwa nimeshafika upande wa pili kwa fundi nondo, yule anayekunja vyuma vya nguzo. Mtu mmoja mgumu, hata salamu anakupa nusu.

"Vipande vitatu vya nondo, urefu wa kidole, vinene," nikamwambia. "Sawasawa, vyote vitatu."

"Vya nini?"

"Vya kumwokoa Shangazi."

Alinitazama, akamtazama Shangazi kule na sufuria hewani. Hakuuliza tena. Akaokota mabaki chini, akapima kwa jicho, akakata kimoja kilichozidi. Nilirudi mbio nimeshika vyuma vitatu kwa mikono miwili kama mtu aliyeiba mayai. Nikavipanga juu ya ukingo, viwili kushoto na kulia, kimoja nyuma, vimelala kutoka nje kwenda ndani. Kiganja kikaungua. Sikujali.

"Weka."

Wakashusha.

Sasa kulikuwa na mwanya pande zote, upana wa kidole, na kwenye ule mwanya moto ukatoka na kulamba tumbo la sufuria kwa usawa. Mngurumo ukarudi. Moshi uliobaki hewani ukasogea, ukapita juu ya ukuta, ukaisha. Hakuna mwingine uliofuata.

Mafundi wakaacha kukohoa. Hata zege lilinyamaza.

Filimbi alikuwa na simu sikioni. Nikaisikia sauti ya mwanamke ndani yake, "Haloo? Haloo?" Filimbi anatazama jiko.

"Ngoja kwanza," akaiambia simu. Akamgeukia dobi. "Wewe ndiye mwenye malalamiko. Unasemaje?"

Dobi alikuja taratibu. Alizunguka jiko, akainusa hewa, akasimama upande ule upepo unakokwenda. Halafu akaikunjua foronya yake, akaitandaza kwa mikono yote miwili karibu na sufuria, akaishikilia. Jamani, akaishikilia! Moja, mbili, tatu, naona midomo yake inahesabu. Shangazi ameshika upindo wa kanga yake ya harusi, ameukunja na kuukunja mpaka umekuwa kamba. Mimi sikupumua. Ningekuwa jiko, ningetoa moshi.

Alifika sitini. Akaigeuza foronya kwenye jua, akaitazama mbele, akaitazama nyuma. Akaisogeza puani.

"Inanukia maharage," akasema.

"Ina doa?" akauliza Filimbi.

"Nimesema inanukia maharage. Sikusema ina doa."

Mafundi wakapiga makelele mpaka nikadhani ghorofa ya pili inashuka. Mtu akapiga ndoo kama ngoma. Filimbi akaiambia simu, "Samahani mama, nimekosea namba," akaikata, akapuliza filimbi kwa nguvu zote, akidai watu warudi kazini, lakini alikuwa anaficha meno.

Shangazi alikaa chini. Si kwenye kigoda, chini kabisa, kwenye vumbi, na kanga yake ile. Akajifunika uso kwa viganja, mabega yakawa yanatikisika. Nikaogopa. Nikachuchumaa.

"Shangazi?"

Kumbe anacheka. Anacheka na machozi yanamtoka na hawezi kusema. "Pimamaji," akasema mwishowe. "Jiko... kwa pimamaji..." Akaanza upya. Na mimi nikaanza. Kitu kilichokuwa kimenibana kifuani tangu Ijumaa kikaachia chote kwa pamoja, mpaka tumbo likauma, na yule fundi wa zege akaja kuuliza kama moshi umetuingia kichwani.

Chakula kilikuwa tayari saa sita na nusu, mapema kuliko siku zote, na kuni zilizotumika hazijafika hata nusu ya zile za kila siku. Filimbi alikula sahani mbili. Fundi nondo alikuja wa mwisho, akasimama mbele ya jiko akavitazama vyuma vyake vitatu.

"Vitateleza," akasema. "Kesho niletee, nitavichomelea." Kwa mtu yule, hayo ni mahubiri.

Watu walipokwisha kula, makaa bado mekundu ndani ya kopo, kichwa cha dobi kikatokea tena juu ya ukuta. Nikashtuka. Mkono ukafuata, umeshika birika.

"Shangazi," akasema, "huo moto usipotee bure."

Shangazi akaipokea birika, akaiinjika. "Bwana sabuni, na sukari je? Au moto wangu, maji yako, na sukari ya jirani?"

"Sukari ninayo. Majani sina."

"Basi leta sukari, na mdomo wako ule uliokuja nao Ijumaa uuache huko huko."

Nilijua nitamwambia nini Fundi. Nitamwambia ukingo ulikuwa safi, umenyooka kuliko wote tuliowahi kuukunja, na kwamba kosa ndilo hilo. Atanuna siku mbili. Halafu atataka kutengeneza la pili.

Jioni tulitoka getini pamoja, jiko katikati yetu, kila mtu ameshika mshikio mmoja. Lilikuwa bado na uvuguvugu, linanigusa mguuni kila hatua. Shangazi akasema bila kunitazama:

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi. Na kuni uzikate fupi, za leo zilikuwa zinachungulia nje."

"Sawa, Shangazi."

"Na usichelewe, Mabua."

"Sichelewi."

Nyusi ile ilipanda. Lakini yenyewe hupanda tu.